Jahazi la Kwenye Kadi ya Noeli





Majilio yanapokaribia, katika jumuiya zetu huanza kazi moja ndogo isiyotangazwa na mtu yeyote. Vijana na watoto hukaa mezani wakiwa na karatasi ngumu, wembe, wino na vipande vya mpira, wakatengeneza kadi za Noeli kwa mikono yao. Picha wanayoipenda kuliko zote si ya hori wala ya wachungaji. Ni picha ya pwani: mnazi ulioinama, nusu duara ya jua, mistari mitatu ya mawimbi, na jahazi lililotweka tanga. Huichonga kwenye mpira, wakaipaka wino, wakaigonga juu ya karatasi kama karani anavyogonga muhuri.

Sisi tunaoishi Ruponda, katika nchi ya Wamwera, hatuoni bahari tunapofungua mlango asubuhi. Tunaona mikorosho na barabara ya vumbi iendayo Nachingwea. Wako wazee kati yetu ambao wameiona bahari mara moja au mbili tu katika maisha yao. Kwa nini basi mkono wa mtoto wa bara upende kuchora jahazi? Na liko swali la pili, zito kuliko hilo: jahazi hilo la kwenye kadi linaingia bandarini au linatoka? Juma hili tungependa kulifuata swali hilo katika historia, maana jibu lake linatuhusu sisi watu wa kusini kuliko wengi wanavyodhani.

Muhuri hugeuza

Tuanze na kazi yenyewe. Kadi ya namna hii haihitaji mashine. Karatasi ya manila hukunjwa katikati, na ukunjo wake husuguliwa kwa mgongo wa kijiko mpaka ulale. Muhuri huchongwa kwenye raba ya kufutia au kwenye soli ya kandambili iliyochakaa. Wengine hukata kiazi katikati wakachonga humo, ingawa kiazi hunyauka kabla siku haijaisha. Sehemu inayotakiwa kuonekana huachwa juu, na sehemu isiyotakiwa hukatwa na kuondolewa. Kwa kweli mchongaji hachongi jahazi, bali huondoa kila kisicho jahazi.

Rangi nyepesi hutangulia na nzito hufuata: kwanza mbingu na bahari, kisha mnazi na chombo. Mwenye ujuzi hupaka wino mara moja, akagonga mawimbi mara tatu bila kuongeza wino. Wimbi la kwanza hutoka limekoza, la pili limefifia, la tatu ni kama moshi. Na hilo la tatu huwekwa juu kabisa, mahali pa mbali, ili jicho lidanganyike na kuona upeo wa bahari.

Lakini kanuni kubwa ya kazi hii ni moja: muhuri hugeuza. Ukichonga neno NOELI kama linavyosomeka, karatasi itakurudishia neno lililopinduka. Ukichonga jahazi ambalo omo yake yaelekea kulia, kwenye karatasi omo itaelekea kushoto. Anayetaka jahazi liingie hana budi kulichonga kama linalotoka. Tunaomba mwikumbuke kanuni hii, kwa sababu tutaikuta tena mbele, si katika mpira wala karatasi, bali katika maisha ya watu.

Salamu yenye alama ya mkono

Desturi ya kupelekeana kadi za Noeli si ya kale sana. Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha utaratibu mpya wa posta, ambao barua yoyote nyepesi ilisafirishwa popote nchini kwa peni moja. Mmoja wa waliosaidia kuusimamisha alikuwa Henry Cole. Mwaka 1843 Cole alijiona ana marafiki wengi wa kuwaandikia na muda mchache wa kufanya hivyo. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi. Zikachapwa nakala zipatazo 1,000, zikapakwa rangi kwa mkono moja baada ya nyingine, na kuuzwa kwa shilingi moja, fedha ambayo kwa mfanyakazi wa kawaida wa wakati ule haikuwa ndogo.

Kadi hiyo ya kwanza ilikuwa na sehemu tatu. Katikati familia imeketi mezani ikiinua bilauri za mvinyo, na kwa kuwa mtoto mdogo naye alionekana akinyweshwa, watu wenye kiasi walilalamika. Ila wengi husahau kuzitazama pande mbili za kadi ile. Upande mmoja wenye njaa wanalishwa, na upande wa pili walio uchi wanavikwa. Aliyeipokea kadi hiyo hakuweza kuifikia furaha ya katikati bila jicho lake kupita kwa maskini. Hilo lilikuwa fundisho zuri, nasi tungefanya vema kulikumbuka.

Hata hivyo, salamu iliyotiwa alama ya mkono ina umri mkubwa zaidi ya posta ya Uingereza. Mtume Paulo alikuwa na desturi ya kumsomea mwandishi maneno ya barua zake. Katika Waraka kwa Warumi mwandishi huyo, Tertio, amejitaja kwa jina lake. Lakini mwishoni Paulo alichukua kalamu mwenyewe. Kwa Wathesalonike alieleza kuwa salamu ya mkono wake ndiyo alama katika kila barua yake, na kwa Wagalatia aliwaonesha jinsi herufi zake zilivyokuwa kubwa. Katika barua fupi kuliko zote, ile kwa Filemoni, mkono wake unafanya jambo kubwa zaidi ya kusalimu. Barua hiyo inamhusu Onesimo, mtumwa anayerudishwa kwa bwana wake. Paulo anaomba apokewe si kama mtumwa tena bali kama ndugu, na kwa mkono wake mwenyewe anaandika kwamba deni lolote la Onesimo atalilipa yeye. Tazameni basi: mstari ulioandikwa kwa mkono ulikuwa dhamana ya mtu aliyekuwa amehesabiwa kuwa mali.

Nasi katika pwani yetu tulikuwa na kadi yetu kabla ya kadi kutufikia. Kadi hiyo ni kanga. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua leso za rangi, wakazishona pamoja kuwa vazi moja. Baadaye vikaja vitambaa vilivyochapwa kwa mihuri ya mbao, na hatimaye vile vya viwandani, vyenye pindo, mji na jina. Maneno yake yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi za Kirumi. Mpaka leo mwanamke wa Ruponda akitaka kumwambia jirani yake neno asiloweza kulitamka, humpelekea kanga. Picha, maneno na mkono wa mtoaji vimo mle mle ndani. Mtu asituambie, basi, kwamba kupelekeana salamu zilizopigwa chapa ni uzungu mtupu.

Bahari ilivyofika bara

Picha ya chombo cha baharini iliwafikia watu wa bara kwa njia mbalimbali, na mojawapo ilikuwa ndogo kama kucha ya kidole gumba: stempu. Kuanzia mwaka 1901 stempu za koloni la Wajerumani katika Afrika Mashariki zilikuwa na picha moja, nayo ni meli Hohenzollern, chombo cha fahari cha Kaisari wa Ujerumani. Picha hiyo hiyo iliwekwa katika makoloni mengine ya Ujerumani pia, ili kila bahasha itangaze ni nani mwenye bahari. Katika miaka hiyo hiyo babu zetu walidaiwa kodi ya nyumba ya rupia 3 na kulazimishwa kulima pamba. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vikawaka kutoka vilima vya Umatumbi hadi kwetu na Songea, na njaa iliyofuata ikaua kuliko bunduki. Misheni za Wabenediktini za Lukuledi, iliyoanzishwa mwaka 1895, na Nyangao, iliyoanzishwa mwaka uliofuata, zilichomwa moto katika vita hivyo.

Liko tukio moja dogo ambalo wapenzi wa stempu wanalijua vizuri. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliifunga bahari kwa manowari zao, na stempu zikaanza kwisha katika koloni. Mwanzoni mwa mwaka 1916 mtambo wa uchapaji wa misheni ya Kiprotestanti ya Wuga, katika milima ya Usambara, ulipewa kazi ya kuchapa stempu za dharura. Zilitoka bila picha ya meli, zikiwa na herufi na tarakimu tu. Bahari ilipofungwa, hata picha yake ilitoweka kwenye bahasha! Lakini mwezi Machi mwaka huo meli Marie iliwapenya Waingereza, ikaingia ghuba ya Sudi, kusini kidogo ya Lindi, ikiwa na silaha, dawa na shehena nyingine, stempu za kawaida zikiwamo. Zile za Wuga hazikuhitajika tena, zikafukiwa ardhini, na baada ya vita zikafukuliwa.

Kwa upande wa Zanzibar, stempu za mwaka 1913 zenye thamani kubwa ziliwekwa picha za ngalawa na jahazi. Wapiga picha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes, walikuwa na studio mjini Unguja, na picha zao za bandari, minazi na matanga zikawa kadi za posta zilizonunuliwa na wasafiri na kupelekwa Ulaya na India. Huko ndiko ilikozaliwa picha ile ambayo watoto wetu wanaichonga leo: bahari iliyotulia, tanga jeupe, mnazi mmoja. Ni picha nzuri, na si ya uongo. Ila ilipigwa na kuchaguliwa kwa ajili ya mtu anayepita, naye anayepita haulizi chombo kilibeba nini mwaka jana.

Mzigo wa jahazi

Sisi hatuna budi kuuliza. Katika karne ya 19 njia za misafara zilitoka pande za Ziwa Nyasa, zikakatiza nchi hizi za kusini na kuteremka mpaka Kilwa Kivinje na Lindi. Pembe za ndovu zilipita, na watu walipita. Hesabu za forodha zilizowekwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871 zinaonesha kwamba katika miaka mitano, kati ya 1862 na 1867, watu 97,203 walisafirishwa kutoka Kilwa peke yake. Kati yao 76,703 walipelekwa Zanzibar. Hao ni wale waliofika pwani wakahesabiwa na kutozwa ushuru. Waliokufa njiani hakuna karani aliyewagongea muhuri.

Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wamwera, Wamakonde na wengineo. Kwa neno moja, walikuwa watu wa nyumbani. Chombo kilichowachukua kilikuwa kile kile cha tanga jeupe. Wahenga wa pwani wana msemo kwamba ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa baharia msemo huo ni wa faraja, maana popote azungukapo chomboni mwisho hurudi mahali pake. Kwa wale waliolazwa chini wakiwa wamebanana, ngama haikuwa mahali pa kurejea. Ilikuwa mahali pa kutolewa kwao ulimwenguni.

Hapo ndipo swali letu linapopata uzito wake. Mtu wa mbali akiliona jahazi kwenye kadi atasema, tazama, safari njema. Bibi wa Ruponda aliyesimuliwa na bibi yake habari za watoto walioibwa shambani ana haki ya kuuliza linakwenda wapi na limembeba nani.

Je, basi tuwaambie vijana waache kuchonga jahazi? La hasha. Jahazi lilibeba pia mchele, tende, boriti za mikoko, samaki wa chumvi na barua za watu waliopendana. Chombo hakina dhambi. Dhambi ilikuwa katika mikono iliyokijaza. Tena historia haikuishia ngamani.

Walioteremshwa

Mwezi Desemba 1860 Padre Armand Fava na wenzake, mapadre na watawa wa kike, walifika Zanzibar kwa njia ya bahari wakitokea kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu walishika kazi hiyo, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo, ambako walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, chenye shule, mashamba na karakana. Wapendwa, imani yetu Katoliki katika nchi hii ilishuka kutoka chomboni, katika pwani ile ile ambako wengine walikuwa wakipakiwa.

Ndugu zetu Waanglikana nao wana ukurasa ambao yatupasa kuusoma kwa heshima. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Edward Steere walifika Zanzibar, na Sultani Majid akawakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao aliitwa John Swedi. Steere alikuwa na mtambo mdogo wa uchapaji, naye akawafundisha vijana wa misheni kupanga herufi za risasi na kuchapa kurasa za Kiswahili. Anayepanga herufi hizo huzipanga kinyume, sawa na mchonga muhuri. Fikirini jambo hilo. Mtoto aliyekuwa mzigo, ambaye jina lake halikuandikwa popote isipokuwa kama tarakimu katika daftari la ushuru, sasa anashika herufi kwa vidole vyake na kutoa kurasa ambazo wengine watajifunzia kusoma. Muhuri hugeuza.

Mwaka 1873, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Zanzibar likafungwa. Siku ya Noeli ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa kuu la Waanglikana liliwekwa katika uwanja wa soko lile. Miaka mitatu baadaye Steere, akiwa sasa askofu, alishuka Lindi akiongoza kundi la watu waliokombolewa, wake kwa waume, ambao walitaka kurudi kwao pande za Nyasa. Walipanda bara kwa miguu, wakaufuata upande wetu huu, na walipofika Masasi mwezi Novemba 1876 wakasema hapa panatosha, wakajenga. Ni njia ile ile ya misafara, ila nyuso zimegeukia magharibi na mikono haina kamba.

Baadaye alikuja Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kukombolewa Zanzibar. Alirudi kusini kuhubiri Chitangali, katika nchi ya Newala, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa daraja ya upadre. Aliondoka akiwa bidhaa, akarudi akiwa mchungaji.

Hata jina la jimbo letu limefunga safari ya namna yake. Jimbo hili liliundwa mwaka 1963 likiitwa Jimbo la Nachingwea, na mwaka 1986 likapewa jina la Lindi. Kwa hiyo hata Mkatoliki wa Ruponda ambaye hajapata kuiona bahari ni mwana wa jimbo lenye jina la bandari.

Mkono wa kusini washika kalamu

Kuna wanaodhani kwamba kuchora kwenye karatasi kulikuja kwetu jana na juzi. Mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya Majimaji kuanza, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alizunguka Lindi, Masasi na Newala. Aliwapa wapagazi wake na wenyeji penseli na karatasi, wakachora waliyoyajua, na baadhi ya michoro hiyo ikatokea katika kitabu alichokichapa mwaka 1908. Nchi ilikuwa bado na majivu, lakini penseli ilipowekwa mkononi, mkono ulikuwa na la kusema.

Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa Shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, mahali ambapo vijana wasio na mtaji wala shule ya sanaa waliweza kujifunza na kuuza kazi zao. Waliofanya kazi humo ni pamoja na George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu huku kusini, na Robino Ntila, aliyejulikana kwa picha zilizochapwa kutoka mabati ya zinki. Katika kazi hiyo pia picha hukatwa kinyume ili karatasi iipokee sawasawa. Lilanga aliaga dunia mwaka 2005, na kazi zake zimeoneshwa Ulaya na Marekani. Hakuchora kusini ya mtu anayepita. Alichora vichwa vya mashetani wa hadithi za Kimakonde, watu wanaogombana, wanaocheka na wanaosaidiana, kama alivyowaona yeye.

Hili ndilo jambo moja tunalotaka kulisema leo. Kadi ya dukani hukupa bahari aliyoichagua mtu mwingine. Kadi ya mkono hukupa nafasi ya kuichagua mwenyewe, na anayechagua hana budi kujua anachokichagua.

Namna ya kuligeuza jahazi

Kwa hiyo, wapendwa vijana, endeleeni kuchonga jahazi, lakini mlichonge mkijua. Tunatoa mambo manne.

Kwanza, tazameni jua. Kadi nyingi za kigeni zina jua linalozama baharini, nanyi mmezoea kuliiga. Katika mwambao wetu jua halizami baharini, huchomoza humo. Simama ufukoni Lindi alfajiri na utaliona likitoka majini. Nusu duara ile mnayoigonga, basi, ni ya asubuhi. Kwa Mkristo anayengojea Noeli hakuna saa inayofaa kuliko hiyo.

Pili, tazameni upepo. Kaskazi huanza kuvuma miezi ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Machi. Ndio upepo uliovileta vyombo kutoka Uarabuni na India hadi kwetu. Kusi, uvumao katikati ya mwaka, ndio uliovirudisha. Jahazi la siku ya Noeli, likifuata kaskazi, linaingia. Wekeni basi mnazi mahali pa nchi kavu, kisha elekezeni omo kwenye mnazi, na mkumbuke kuichonga kinyume. Hilo ni jibu la swali letu kwa upande wa fundi. Kwa upande wa historia, jibu ni kwamba liliwahi kutoka, na walioteremshwa wakarudi; nasi tunalichonga likiingia si kwa kusahau, bali kwa sababu tunakumbuka yote mawili.

Tatu, andikeni kwa mkono. Simu zetu siku hizi hutuletea Noeli mia moja kwa asubuhi moja, picha ile ile na maneno yale yale, yaliyopita mikononi mwa watu tusiowajua. Hatuzilaani simu, mtoto aliye Dar es Salaam na mama yake aliye Ruponda wana sababu ya kuzishukuru. Lakini nyuma ya muhuri acheni nafasi ya mistari miwili ya mwandiko wenu, hata kama herufi ni kubwa na zimepinda kama zile za Paulo. Andikeni jina la mnayemsalimu. Watu 97,203 walipita Kilwa bila majina. Kila jina linaloandikwa kwa upendo ni jambo dogo lililogeuzwa.

Nne, pelekeni kadi hizo kwa wasiopelekewa. Katika ile ya mwaka 1843 wenye njaa na walio uchi walikuwa pembeni mwa picha. Ninyi wawekeni kwenye anwani. Yuko mzee anayeishi peke yake baada ya watoto kwenda mjini, yuko mgonjwa aliyelazwa muda mrefu, yuko mfungwa ambaye hakuna anayemtaja, na yuko msichana aliyetoka kijijini kwenda kufanya kazi za ndani na hajapata salamu tangu aondoke. Huyu wa mwisho msimsahau, kwa maana bado wapo watoto wa kusini wanaochukuliwa kwa ahadi nzuri na kupotelea mbali, nao hawahitaji jahazi ili kupotea, basi linatosha. Kabla ya kumgongea kadi, ulizeni kwao kama anajulikana alipo. Kama hajulikani, anzeni hapo, semeni na wazazi wake na viongozi wa jumuiya, kisha kadi ifuate.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kadi ya dukani inapita. Mbacha wetu ni mikono hii, kipande cha kandambili, wino kidogo na kumbukumbu ndefu.

Tunawatakia Majilio mema. Kristo, aliyelala usingizi chomboni kati ya mawimbi na kisha akayatuliza, avifikishe nchi kavu vyombo vyote vilivyo safarini, na awarudishe nyumbani wote waliochukuliwa. Na Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.